Nabongo Mumia na njia ya misafara

Huko Ulaya wapo watu ambao raha yao ni kuzitafuta barabara za kale za Warumi. Hushika ramani wakapita mashambani na vichakani, na wakiona jiwe lililochongwa hufurahi kama aliyeokota lulu. Mashuhuri zaidi kati ya barabara hizo ni ile iitwayo Via Appia, iliyoanzwa mwaka 312 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na baadhi ya mawe yake yangali yamelala mahali pake nje ya mji wa Roma hadi leo. Warumi walijenga kwa mawe, na jiwe halisahau upesi.

Sisi watu wa pwani nasi tulikuwa na njia yetu kuu. Ilianza Mombasa na Pangani, ikapanda bara kwa zaidi ya kilomita 800, ikaishia magharibi mwa Kenya karibu na Ziwa la Viktoria. Hapakutandikwa jiwe hata moja. Ilitengenezwa kwa nyayo za watu, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na mzigo wake kichwani au begani. Njia ya namna hii masika mawili matatu yatosha kuifuta. Basi imebaki nini?

Swali hili halina jibu bila ya kumtaja mtu mmoja aliyekaa mwisho wa njia hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Njia ilimkuza hata jina lake likajulikana London na Berlin, kisha ikamwacha akizeeka kando yake. Mtu huyo ni Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga.

MWANA WA SHIUNDU

Mumia alizaliwa yapata mwaka 1849. Baba yake alikuwa Nabongo Shiundu, wa ukoo wa Abashitsetse. Na Nabongo ni cheo cha ufalme, kama vile Waganda wasemavyo Kabaka. Nchi yao ya Wanga iko kwenye mto Nzoia. Wengi wa majirani zao katika Waluhya waliishi chini ya wazee wa koo, kila ukoo na mambo yake. Wawanga wao walikuwa na kiti cha enzi na mrithi wa kiti. Tofauti hii ilikuja kuwa kubwa sana wageni walipoanza kufika, kwani mgeni siku zote hupenda mahali penye mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Na wageni wa mwanzo walikuwa watu wetu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipanda bara kutafuta pembe za ndovu. Waliotoka Pangani walipitia upande wa Kilimanjaro. Waliotoka Mombasa walipitia Taita na Ukambani. Njia zao zilikaribiana huko Naivasha, zikaenda hadi Baringo ambako palipatikana chakula, kisha zikapanda nyanda za juu za Uasin Gishu na kushuka upande wa pili, nchi ya Wanga.

Msafara ulikuwa mji unaotembea. Palikuwa na mkuu wa msafara, ambaye aghalabu alikuwa na deni la tajiri aliyebaki pwani. Palikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, na wanyapara, na askari wenye bunduki za gobori, na wapishi, na wapagazi kwa mamia. Mpagazi alibeba ratili 60 na zaidi: majora ya amerikani, ushanga wa rangi, na masango, yaani nyaya za shaba. Kurudi alibeba pembe. Wengi hawakurudi. Walikufa kwa homa, kwa kiu, kwa mikuki, na makaburi yao hayana alama.

Mtu aliyepita nyika na baridi na hofu ya vita kwa miezi mingi, halafu akashuka Wanga, alijiona ameingia peponi. Palikuwa na mtama na wimbi, ufuta na kuku, na bei yake ilikuwa ushanga kidogo. Shiundu aliwapokea vizuri. Ndiyo sababu wasafiri wakapaita mahali hapo Kwa Sundu, na ndivyo palivyoandikwa katika ramani za kwanza. Matamshi ya Kiswahili yakawa jina la mji katika vitabu vya Wazungu.

Shiundu alifariki yapata mwaka 1882, na Mumia akakalia kiti. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyekua akiona misafara ikija na kuondoka. Alikuwa amekwisha kujifunza kuwa mgeni mwenye njaa ni rafiki, na mgeni mwenye bunduki ni rafiki wa kutunzwa zaidi. Wawanga walikuwa na maadui pande zote, na bunduki chache za pwani zilitosha kubadili mizani. Mumia alitoa chakula na makao, naye akapata silaha na watu wa kumsaidia katika vita vyake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii kwa Mumia ilikuwa siasa kamili ya nchi.

WAGENI BAADA YA WAGENI

Mwishoni mwa mwaka 1883 alifika Joseph Thomson, Mzungu wa Uskochi. Vitabu vingi husema kuwa Thomson ndiye aliyeifungua njia ya Umasai. Lakini Thomson huyo alipanda bara akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa akiijua njia hiyo tangu zamani. Mzungu alikuwa na kalamu. Macho yalikuwa ya Mswahili. Hata hivyo aliyeandika ndiye aliyekumbukwa.

Mwaka 1885 alipita Askofu James Hannington. Aliiacha sehemu kubwa ya msafara wake Kwa Sundu chini ya mchungaji William Jones, mtu wa Rabai, naye akaendelea na watu wapatao 50 kuelekea Buganda. Waliuawa huko Busoga mwezi wa Oktoba, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones aliwarudisha pwani waliobaki, safari ndefu ya huzuni hadi Rabai. Mifupa ya askofu ilikuja kuhifadhiwa kwa Mumia mpaka mwisho wa mwaka 1892, ilipopelekwa kuzikwa Namirembe. Mfalme huyu basi alikuwa mwenyeji wa walio hai na wa waliokufa pia.

Mwaka 1889 ikaja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ikiongozwa na Frederick Jackson. Alimwachia Mumia bendera, kisha akaenda zake kaskazini, upande wa mlima Elgon, kutafuta pembe. Mwanzoni mwa mwaka 1890 alifika Carl Peters, Mjerumani, asiyealikwa na mtu. Peters alizikuta barua za Jackson, akazifungua na kuzisoma, akajua habari zote za Buganda, akakimbilia huko kabla ya mwenye barua kurudi. Siku zile hatima ya Uganda nzima ilikuwa ndani ya bahasha chache zilizohifadhiwa katika boma la Mumia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ndio uliomaliza ugomvi huo, nao ulitiwa sahihi mbali kabisa na watu waliohusika.

Wapo wanaomwita Mumia kibaraka, na wapo wanaomwita mwenye hekima. Mwenye kutaka kuhukumu na atazame kwanza pale alipokuwa amekaa. Alikuwa njiani. Kila mwenye tamaa ya kwenda Uganda alilazimika kupita mlangoni kwake, na mlango wake haukuwa na komeo la kuwazuia wote. Alichoweza kufanya ni kuchagua atakayemkaribisha zaidi. Alichagua mwenye bunduki nyingi kuliko wenzake.

NG'AMBO YA NZOIA

Mwisho wa njia kuu haukuwa mwisho wa safari. Kutoka kwa Mumia vilitoka vijia vya kwenda kaskazini, vikavuka mto Nzoia na kuingia nchi ya Wabukusu, hadi miteremko ya Elgon walikokuwa ndovu wengi. Ndiko alikokwenda Jackson, na ndiko walikokwenda watu wa Pangani na Mombasa kabla yake. Huko leo uko mji wa Bungoma. Na kilomita chache kupita Bungoma, katika barabara iendayo Chwele na mlimani, ndipo penye Kibabii.

Watu wa misafara waliwaita Wabukusu jina la Wakitosh, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Waliwakuta wakiishi katika vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Kijiji cha namna hii huitwa lukoba. Wabukusu hawakuwa na Nabongo wa kuwaamuru wote wawapokee wageni. Lukoba moja iliuza pembe na chakula, nyingine ilifunga mlango. Hapo ndipo msafara ulipobadilika sura. Kwa Mumia msafara ulikuwa mgeni. Ng'ambo ya Nzoia mara nyingi ulikuwa jeshi. Tusifiche: wapo wakuu wa misafara waliovunja vijiji, wakachukua ng'ombe, na wengine wakachukua watu.

Bunduki nazo zina tabia yake. Zikiisha kuingia nchini hazichagui mkono. Zilivuja kutoka kwenye misafara na kwa askari waliotoroka, zikafika kwa Wabukusu. Serikali mpya ya Waingereza, ambayo wakati huo iliihesabu nchi hii kuwa sehemu ya Uganda, ilikuwa imemweka ofisa wake kwa Mumia mwaka 1894, jina lake Frederick Spire. Askari waliotumwa kwenda kudai bunduki kwa Wabukusu waliuawa. Mwaka 1895 Charles Hobley, aliyemfuatia Spire, aliongoza vita vya kisasi. Pamoja naye walikuwa askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai, na wapiganaji wa Mumia.

Vita vya kwanza vilikuwa Lumboka, katika nchi ya Bungoma. Waliosalia walikimbilia ngome ya Chetambe, juu ya kilima kinachotazama Webuye ya leo, wakajifungia ndani. Ukuta wa udongo ulikuwa umezuia mikuki kwa vizazi vingi, lakini haukuzuia bunduki za wakati huo. Waliuawa watu wengi sana, na wanawake na watoto walitekwa pamoja na ng'ombe. Hadi leo Mbukusu akilisikia jina la Chetambe hakumbuki vita tu, akumbuka msiba.

Baada ya hapo Mumia alipata ng'ambo ya Nzoia kile ambacho baba yake hakukipata kwa vita vyake vyote. Waingereza waliwachukua jamaa zake wakawafanya machifu wa watu wengine: Mulama aliwekwa Marama, na Murunga akawekwa juu ya Wabukusu. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe akafanywa chifu mkuu. Ufalme wake ulikuwa haujapata kuwa mpana hivyo. Ila upana huo ulikuwa wa kuazima, na mwenye kuazimwa nguo hawezi kujua lini mwenyewe ataidai.

BARABARA YA SCLATER

Turudi kwenye njia. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 Kampuni ilianza kutengeneza barabara ya magari ya ng'ombe kutoka pwani hadi Kibwezi, ikaitwa kwa jina la mkuu wa Kampuni, William Mackinnon. Mwaka 1895 Kapteni Bertram Sclater, mhandisi wa jeshi, akaanzia Kibwezi, akapita Kikuyu na Bonde la Ufa na Eldama Ravine, na mwaka 1896 barabara yake ikafika kwa Mumia. Kwa sehemu kubwa hakubuni jambo jipya. Alifuata nyayo, akapanua na kuchimba pale ambapo gari la ng'ombe lisingeweza kupita.

Barabara haikupunguza hatari. Mwezi wa Novemba 1895 msafara uliokuwa ukirudi kutoka Ravine uligombana na Wamasai katika bonde la Kedong, na mamia ya wapagazi, Wakikuyu na Waswahili, waliuawa kwa siku moja. Sclater mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1897, hajatimiza miaka 32. Aliishi kiasi cha kuona kazi yake imekwisha, hakuishi kiasi cha kuona imekuwa bure.

Maana mwaka 1896 huo huo reli ilikuwa imekwisha kuanza Mombasa. Tarehe 20 Desemba 1901 iliwasili Kisumu, kusini kabisa mwa Wanga. Tangu siku hiyo hapakuwa na sababu ya mtu kutembea miezi mitatu akiwa na jora la amerikani kichwani. Mwaka 1902 mpaka wa Uganda ulisogezwa magharibi, na Mumias ikaingizwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mji uliokuwa mlango wa Uganda ukawa mji wa kando. Mwaka 1920 makao ya serikali ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Hata reli ya pili, iliyopitia Eldoret kwenda Uganda katika miaka ya 1920, iliipita Mumias kwa mbali. Ilipita Webuye na Bungoma, katika nchi ya wale walioshindwa Chetambe. Na tawi lililotoka Kisumu liliishia Butere, halikufika kwa mzee.

Mwaka 1926 Mumia alistaafishwa. Machifu wa Kiwanga nao, mmoja baada ya mwingine, walikataliwa na watu waliowatawala, na Wabukusu walipigania kupata chifu wa damu yao. Mzee alibaki na heshima yake na kumbukumbu zake. Alifariki tarehe 24 Aprili 1949, umri wake yapata miaka 100. Alizaliwa kabla Mzungu hajaliona Ziwa la Viktoria, akafa zikiwa zimebaki miaka 14 tu Kenya ipate uhuru.

DINI ILIYOKUJA NA MIGUU

Kuna kitu kimoja ambacho reli haikuweza kukichukua. Miongoni mwa watu wa misafara wapo ambao hawakurudi pwani. Walioa Wanga, wakajenga, wakazaa. Waliswali walipokuwa, wakazika maiti wao kwa namna yao, wakawafundisha watoto wao juzuu. Hapakuwa na jumuiya iliyowatuma wala mshahara uliowalipwa. Yasimuliwa kuwa Mumia mwenyewe aliukubali Uislamu pamoja na baadhi ya ndugu zake, na watu wengi wa jamaa ya kifalme wakawafuata. Ndivyo Mumias ilivyokuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Kiislamu magharibi mwa Kenya, na kutoka hapo dini ikaenea sehemu nyingine.

Lakini ukivuka Nzoia mambo yabadilika. Wapo Waislamu Bungoma, ila si kwa wingi wa Mumias. Na Kibabii ni jina la misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1931, shule zikaizunguka, na leo pana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2015. Kwa nini njia moja ikaacha msikiti upande huu wa mto, na upande ule isiache?

Sababu ni nyingi, lakini mojawapo twaweza kuisoma katika habari tulizozitaja. Kwa Mumia mtu wa pwani alikaa, akaoa, akala na watu. Kwa Wabukusu alifika na bunduki, akaondoka na pembe. Mtu hufuata dini ya yule aliyekaa naye, si ya yule aliyempitia. Na pale ambapo Uislamu ulifungamana na jina la mfalme jirani aliyewashinda, haikuwa rahisi kwa aliyeshindwa kuuona peke yake, bila ya kumwona mshindi nyuma yake. Hili si kosa la dini. Ni deni la waliobeba.

MABAKI YAKO WAPI?

Sasa tuifuate njia yenyewe kama wale watu wa Ulaya wafuatavyo mawe yao. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi utapita Mackinnon Road, mji mdogo unaojulikana sana kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya reli. Wasafiri wengi husimama hapo wakaswali. Wachache hukumbuka kuwa jina la mji ndilo jina la barabara iliyotangulia reli. Barabara imepotea, jina limebaki.

Kibwezi ilikuwa mwisho wa kipande cha kwanza na mwanzo wa kile cha Sclater. Eldama Ravine ilianza kama kituo cha misafara, na mpaka leo ni mji. Kati ya vituo hivyo nyayo zimefunikwa na lami, mashamba na majengo. Njia nzuri hazifi, hurithiwa. Mahali ambapo mpagazi alipata mteremko mwepesi, mara nyingi mhandisi naye ameuona huo huo.

Mumias yenyewe ni sanamu ya njia, ijapokuwa haina sanamu. Mahali pale kwa Wawanga paliitwa Elureko. Watu wa misafara wakapaita Kwa Sundu, halafu Kwa Mumia. Mwingereza akaongeza herufi moja ya kwao mwishoni, ikawa Mumias. Katika neno hilo moja kuna mfalme wa Kiwanga na mdomo wa Kiingereza, na kabla ya hapo palikuwa na Mswahili aliyeelekeza njia. Tangu miaka ya 1970 miwa imeifunika sehemu kubwa ya nchi, na si rahisi tena kuonyesha palipopigwa kambi. Lakini misikiti ipo, na Kiswahili kipo, na zipo jamaa zinazojua kuwa babu yao alitoka pwani. Wafalme wa Wanga makaburi yao yako Matungu, mahali paitwapo Eshiembekho.

Ukivuka mto kuelekea Bungoma, mabaki ni ya namna nyingine. Juu ya kilima cha Chetambe handaki la ngome bado laonekana, limefanya mviringo ardhini, nyasi zimeota ndani yake. Hapo ndipo Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipowakusanya maelfu ya watu mwaka 1947 kuwakumbuka waliouawa 1895. Mumia alikuwa angali hai siku hiyo, mzee sana, upande wa pili wa Nzoia. Watu wawili hao walirithi njia moja: mmoja aliikumbuka kwa wageni iliomletea, mwingine kwa maiti ilioacha.

Na Kibabii? Kibabii hapana jiwe wala handaki la kumwonyesha mtalii. Kuna jina. Chifu mashuhuri wa Wabukusu wa sehemu hizo katika wakati wa ukoloni aliitwa Sudi, mwana wa Namachanja. Mmoja wa wanawe, aliyezaliwa mwaka 1923, ndiye Maurice Otunga, ambaye mwaka 1973 alikuwa Mkenya wa kwanza kufanywa kadinali, na aliyefariki mwaka 2003. Namachanja ni jina la Kibukusu. Lakini Sudi? Kila msomaji wa pwani alijua neno hili tangu utotoni. Sudi ni bahati njema, na ni jina tuwapalo watoto wetu tukiwaombea mema. Majina hayaendi peke yake. Hubebwa na watu. Katika nchi ile, kabla ya misheni na kabla ya reli, waliobeba majina kama hayo walikuwa watu wa misafara.

Basi katika boma la Wabukusu, waliokuwa na kila sababu ya kuichukia njia ile, mtoto aliitwa jina la pwani, akakua akawa chifu, akamzaa kadinali. Hii yatuonyesha kuwa habari za njia si vita peke yake. Palikuwa na siku ambazo mlango wa lukoba ulifunguliwa, wageni wakaketi, watu wakaulizana majina, na jina moja likapendeza likabaki.

Mabaki kama haya hayahitaji kuchimbwa kwa sururu. Yanahitaji kuulizwa. Wazee wa Mumias wenye nasaba za pwani wanazidi kupungua, na wazee wa Kibukusu wajuao habari za Lumboka na Chetambe kutoka vinywani mwa wazazi wao nao wanapungua. Hapa pwani ziko nyumba ambazo ndani yake zilihifadhiwa habari za babu aliyepanda bara na hakurudi. Kila upande una nusu ya habari. Mtu wa pwani husimulia safari. Mtu wa Kibabii husimulia kilichotokea msafara ulipofika. Nusu zote mbili zikiandikwa pamoja, mjukuu wa mpagazi na mjukuu wa aliyejifungia ndani ya lukoba wataweza kuisoma njia yao katika kitabu kimoja.

Mumia aliishi miaka 100 na hakuandika kitabu. Aliziona bendera tatu nne zikipandishwa na nyingine kushushwa. Aliwapokea wenye pembe, wenye misalaba, wenye tasbihi na wenye mizinga, wote wakala chakula chake. Alifikiri kuwa mwenye kukaa njiani ndiye mwenye njia. Njia ikamfundisha vingine. Warumi nao walidhani kuwa barabara zao zitawatunza, na leo hawapo, na barabara zao zakanyagwa na watalii. Njia ni ya anayepita. Aliyekaa hubakiwa na jambo moja tu, nalo ni namna alivyowatendea waliopita na majirani zake walipokuwa wakipita. Kwa hilo Mumia ana mengi ya kusifiwa Mumias, na ana maswali ya kujibu Kibabii. Na sisi watu wa pwani, tuliomfikia kabla ya wote, tumo katika sifa hizo na katika maswali hayo.